Siku Tuliyosoma Majivu

Majivu yana harufu mbili. Majivu ya leo yanapanda puani na kukukereketa, na ndani yake bado utasikia kuni zenyewe, kama zilikuwa za mwanzi au za mkaratusi au za mti wa msituni. Majivu ya zamani, yaliyonyeshewa yakakauka yakanyeshewa tena, hayanuki moto hata kidogo. Yananuka udongo, kama nyumba iliyofungwa muda mrefu. Watu wengi hawajui tofauti hiyo kwa sababu hakuna aliyewafundisha. Mimi nilifundishwa shuleni, tena katika somo la historia, na hata leo nikipita penye jiko la mtu mwingine pua yangu inafanya kazi kabla ya macho, kama siku ile nilipokuwa msichana mdogo wa miguu mitupu.

Shule yetu ilikuwa Kashebere, kando ya barabara, mahali ambapo milima ya Masisi inaanza kushuka kuelekea msitu wa Walikale. Kila kitu chetu wakati ule kilikuwa kando ya barabara. Kabla sijazaliwa, Wazungu waliwateremsha wazazi wetu kutoka vilimani wakawapanga mstari mmoja, ili iwe rahisi kuwahesabu na rahisi kuwapata kazi inapotokea. Huko juu yalibaki mahame: migomba iliyojiotea ovyo, miti ya ua iliyogeuka msitu, na mafiga. Kwetu mtu akihama habebi mafiga. Anachukua vyungu, anachukua mlango, hata nguzo za nyumba anaweza kuzing'oa, lakini yale mawe matatu ya jikoni anayaacha yalipo, kwa sababu ni ya mama aliyeyaweka na ya watoto waliolia hapo wakisubiri chakula. Mtu wa ukoo akipita njia ile, hata baada ya miaka mingi, akiwa na njaa anapika pale pale. Kupika juu ya mawe ya kuokota ni tabia ya mtu asiye na kwao, na kwetu hapakuwa na tusi kubwa kuliko hilo. Naomba msomaji alishike jambo hili, maana ndilo lililotaka kutuangamiza.

Mwalimu wetu tulimwita Monitere, kama walimu wote wa shule za msingi walivyoitwa enzi hizo, na jina lake lilikuwa Anselmi. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye shati moja jeupe alilolifua jioni na kulivaa asubuhi kabla halijakauka vizuri, hivyo tulimwona kila siku akianza somo la kwanza huku anatetemeka. Kitabu cha misioni kilitaka tukariri wafalme wa Ubelgiji na mito ya Ubelgiji, na tulikariri, kwa sababu Mupe, yaani padri mzungu, alikuwa akija kutusikiliza. Lakini pikipiki ya Mupe ikishapotea kwenye kona, Monitere alikifunga kitabu na kukiweka dirishani. Siku ya kwanza alipofanya hivyo alitoa jembe kuukuu akaliweka mezani, akatuuliza jembe linasema nini. Tulicheka sana. Mvulana mmoja alisema lilikuwa jembe la mtu mvivu. Monitere hakucheka. Alimwambia, "Nionyeshe uvivu kwa kidole. Iko wapi hapa?" Yule mvulana alilizungusha jembe mpaka jasho likamtoka, na uvivu hakuuona. Ndipo Monitere akatuonyesha jinsi makali yalivyolika upande mmoja kuliko mwingine, na tukajua wenyewe, bila kuambiwa, kwamba mwenye jembe alilima kwenye mteremko, tena kwa miaka mingi, tena akisimama upande uleule. Nilihisi kama mtu ameniletea yule mkulima darasani, nikaona hata mgongo wake.

Tangu siku hiyo tulikuwa na maswali matatu, tuliyoyaimba kabla ya kila somo la historia: unaona nini, unajua namna gani, na nini haionekani? Tuliambiwa tulete kutoka nyumbani vitu vilivyoona mambo ambayo sisi hatukuyaona. Wenzangu wakaleta vyungu vilivyopasuka, kipande cha nguo ya gome la mti, bangili ya shaba, kengele ya mbwa wa kuwindia. Mukamana alileta chombo cha maziwa kilichochongwa kwa mti, cheusi ndani kwa kufukizwa moshi, akatuambia mama yake ameruhusu tukinuse lakini tusikishike. Watu wa kwao walikuwa wafugaji waliokuja na ng'ombe zao kukaa kilimani juu yetu. Sisi tulikuwa wakulima wa maharagwe na mihogo, na wazazi wetu na wazazi wao walisalimiana kanisani kwa adabu kubwa na kuongea machache. Mukamana alikuwa na macho makali kuliko darasa zima. Kitu chochote ukimpa, alikaa nacho kimya, halafu akasema jambo moja ambalo sisi sote tulikuwa tunalitazama bila kuliona. Nilimwonea wivu, nasema wazi, na wivu wangu ulikuwa na afya nzuri.

Lakini mwaka huo mimi nilikuwa na jambo ambalo halikutakiwa kuonekana. Mdogo wake baba yangu, jina lake Bauma, alikuwa ametoroka kwenye machimbo ya bati huko Walikale. Shimo liliwafunika wenzake mbele ya macho yake, naye alipoamriwa kushuka tena kwenye lile lile alitupa sepetu akaingia msituni. Mtu aliyeacha kazi kabla ya mkataba kuisha alitafutwa kama mwizi. Akipatikana alipigwa fimbo ya ngozi ya kiboko mbele ya watu, kisha gereza. Na aliyemficha alifungwa pamoja naye. Papa mdogo Bauma, kama tunavyomwita baba mdogo kwetu, alikuwa amejificha kwenye mahame yetu, na mama yangu alikuwa akipanda huko na kapu la mihogo na viazi, akisingizia kwamba anafuata majani ya migomba. Nililijua jambo hilo kwa sababu mama aliwahi kunituma huko. Mama hakunikanya kwa maneno mengi. Alinishika kidevu akasema, "Feza, ukisema, papa yako mdogo anakufa gerezani." Basi. Tangu siku hiyo nililala na maneno hayo na kuamka nayo, na kila aliyepita barabarani akiwa amevaa kofia nilimhesabu kuwa amekuja kwa ajili yetu. Darasani tulipofika kwenye swali la tatu, lile la nini haionekani, nilitazama miguu yangu.

Asubuhi moja ya ukungu Monitere aliingia na uso wa furaha niliokuwa sijauona kwake. Alisema jembe na vyungu ni watoto, sasa tutakwenda kumwona mama yao. Shefu, yaani chifu wetu, amekubali tupande kwenye mahame ya zamani, tukasome kijiji jinsi kilivyokaa kabla ya barabara, halafu turudi tukijenge kwa udongo uwanjani pa shule. Lakini shefu ameweka sharti: watoto wasitoke barabarani bila polisi wake, na polisi ana nafasi leo tu. Nilipotazama mlangoni nilimwona amesimama, mtu mzima mnene mwenye kofia nyekundu, kiko mdomoni na viatu vyeusi alivyokuwa akivifuta kwa majani kila baada ya hatua chache. Aliyekuwa na viatu kijijini kwetu alikuwa anajulikana. Kisha Monitere akataja mahame tunayokwenda. Yalikuwa ya kwetu.

Niliomba ruhusa ya kwenda nje, Monitere akaniambia nitakwenda njiani. Nikasema tumbo linauma. Akanipapasa kichwa akasema hewa ya mlimani itanitibu. Mama alikuwa shambani upande wa pili wa mto, baba alikuwa kwenye kazi ya barabara. Hapakuwa na mtu wa kumwambia. Tukapangwa wawili wawili, tukaanza kupanda, na mimi niliyekuwa nakaa kila siku katikati ya mstari nikajikuta mbele kabisa, nyuma ya Monitere, nikijaribu kutembea polepole ili kila mtu atembee polepole. Njia ilikuwa telezi, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Nilikuwa nafikiri: moshi hautaonekana. Halafu nikafikiri: sisi pia hatutaonekana, na papa mdogo atatuona tumeshafika. Tulipokaribia mwinuko wa mwisho, bila kupanga, nilifungua mdomo nikaanza kuimba wimbo wetu wa kutembea, ule wa kupeana zamu za mguu wa kulia na wa kushoto. Mimi, ambaye hata kwenye misa nilikuwa nikichezesha midomo tu. Monitere aligeuka akanitazama kwa mshangao. Wenzangu walidakia kwa nguvu, maana mtoto hahitaji kuombwa mara mbili kupiga kelele, na tukaingia kwenye mahame tukiwa tunaimba kama siku ya Pasaka. Hapakuwa na mtu. Migomba ilikuwa inadondosha maji. Nilitaka kukaa chini nilie kwa shukrani.

Monitere alitugawa makundi. Wengine watafute ua ulipopita, wengine wafuate mstari wa nyumba, wengine watafute njia ya kisima, na kila kundi lioneshe kwa kidole, si kwa mdomo. Polisi aliketi kwenye kisiki akawasha kiko upya. Ilikuwa kazi nzuri, na ningekuwa mtoto wa mtu mwingine ningeifurahia maisha yangu yote. Walipata shimo la nguzo. Walipata kipande cha jiwe la kusagia. Mvulana mmoja aligundua kwamba miti miwili mikubwa ilikuwa zamani vijiti vya lango, kwa kuwa ilisimama sawasawa pande mbili, na Monitere akapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshayaona mafiga ya bibi yangu. Nilikuwa nimesimama karibu nayo nikiyafunika kwa mwili wangu, nikijifanya natazama migomba. Papa mdogo angeweza kupika kwenye vichaka vya mianzi, ambako hata mbwa asingemwona. Lakini alikuwa ni mtoto wa mama yake, na hakukubali kula chakula cha mawe ya kuokota. Alikuwa amepika papo hapo, katikati ya uwanja, na aliposikia wimbo alifukia moto kwa majivu kama tufanyavyo kila siku tukitaka kuutunza, akakimbia.

Mukamana alinisogeza kwa upole kwa kiwiko. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na kazi yake ya shule. Alichuchumaa mbele ya mafiga, akatazama, akasogeza uso akanusa, na nilimwona jinsi uso wake ulivyoamka, kama ulivyoamka siku zote kabla hajasema lile jambo moja. Kwao moto wa ng'ombe hauzimwi. Majivu aliyajua tangu anatambaa. Aliingiza mkono mpaka kwenye kifundo.

"Monitere," polisi aliita kutoka kwenye kisiki, "batoto banaona nini pale?"

"Banasoma, Papa. Banasoma majivu."

"Majivu njo inasomwaka?" Alicheka, akainuka, akaja huku anakwepa matope.

Sijui nilikuwa na uso gani. Sikuwa na nguvu ya kuuficha tena. Mukamana aliinua macho, mkono wake ukiwa bado ndani, na macho yetu yakakutana. Nilimwona akinisoma. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo alivyofanya, kwa utaratibu uleule wa jembe na vyungu: alitazama uso wangu, akatazama njia niliyokuwa nimeimba nikija nayo, akatazama kofia nyekundu iliyokuwa inakaribia. Darasa zima lilikuwa limekusanyika. Na darasa zima lilikuwa na pua.

"Basi, Mukamana," Monitere alisema, "unaona nini?"

"Minaona jiko ya zamani, Monitere." Akatoa mkono. Nilimwona akiupeleka nyuma na kufuta kiganja kwenye gauni, polepole. "Iko baridi."

Monitere alimuuliza lile swali la pili. Sidhani kama alikusudia. Lilimtoka lenyewe, kwa mazoea. "Unajua namna gani?"

"Niliweka mukono."

Ndipo Monitere mwenyewe akapiga magoti, na shati lake jeupe, na kuingiza mkono katika majivu ya bibi yangu. Mtu huyu alikuwa ametusimamisha wima darasani kwa kusema neno tusiloweza kulionyesha. Alikuwa amemrudisha mtoto nyumbani kwenda kuuliza upya kwa sababu alisema "nadhani". Aliuacha mkono wake humo, na mimi niliyekuwa karibu niliona mshipa wa shingo yake umesimama. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida, bila kumtazama yeyote, "Ndiyo. Iko baridi. Ni ya zamani sana." Polisi alichokoa ukingo wa majivu kwa ncha ya kiatu, upande ule uliokuwa umeloa umande, kisha akatazama kiatu chake na kukifuta kwa jani. Harufu aliyoisikia yeye ilikuwa ya tumbaku yake. Yule mvulana wa lango alifungua mdomo; nilimwona akivuta pumzi ya kusema. Monitere alisema, "Mustari," na tukajipanga mstari, na yule mvulana akaufunga mdomo, na hakuna mtoto aliyesema kitu mpaka tulipofika barabarani. Hata wimbo hatukuuimba.

Kesho yake, tukiwa tunachota maji, Mukamana alinijia akanong'ona, "Viazi ya kwenu iliungua upande moja." Kisha akacheka, nami nikacheka mpaka nikamwaga maji, na kicheko hicho kiligeuka kilio bila mimi kujua mahali kilipogeukia. Hakuniuliza ni nani aliyekuwa anavipika. Darasani Monitere aliyaandika maswali matatu ubaoni kama kawaida, akakaa akiyatazama, halafu akaongeza la nne: nani anasikia? Hakulieleza. Tulilisoma kwa macho. Tuliposikia pikipiki ya Mupe kwa mbali alilifuta kwa kiganja, akafungua kitabu, na tukaanza wafalme wa Ubelgiji. Kijiji cha udongo tulikijenga uwanjani, chenye ua na lango na njia ya kisima. Katika nyumba ya bibi yangu hakuna aliyeweka mafiga, na Monitere, ambaye asingesahau hata shimo la nguzo, hakuuliza yako wapi.

Papa mdogo Bauma hakukaa tena pale. Alihama siku hiyohiyo kuelekea msitu mkubwa, na mama alimpa jiwe moja kati ya yale matatu, jambo ambalo kwetu halijawahi kufanywa, ili apike popote bila kuwa mtu asiye na kwao. Alirudi wakati wa uhuru akiwa na mvi, jiwe amelifunga kwenye nguo, na akalirudisha mahali pake kabla ya kusalimia watu. Monitere alihamishwa mwisho wa mwaka ule. Hatukuambiwa sababu, na hofu yangu iliniambia sababu ni sisi. Mukamana tulikua naye, tukapika pamoja kwenye harusi zetu. Baadaye vita vikaja vikawafundisha watu kuulizana nani alitangulia kufika kwenye kilima kipi, na siku moja niliposhuka sokoni nikakuta nyumba yao imefungwa. Sijui alikokwenda. Nimeuliza kwa watu wengi, na mimi najua kuuliza.

Siku hizi vijana wanakuja kwangu na simu zao, wanaziweka kwenye magoti yangu na kusema, "Bibi, tueleze historia." Ninafurahi, kwa kweli, kwa sababu kwa wakati wetu Mupe asingeamini kwamba mimi ni historia. Nawafundisha yale maswali matatu, nao wanayapenda. Wana vitabu, wana picha, wana mambo ambayo Monitere angeyalilia kwa furaha. Lakini wanauliza kwa sauti kubwa, na milango iko wazi, na tangu nilipokuwa mtoto hapajawahi kupita mwaka ambao jibu la kweli halikuweza kumuua mtu katika milima hii. Nawapa historia yote isipokuwa ile ya watu walio hai. Wanadhani nimesahau.

Mwaka juzi tulikimbia Muheto, nilikoolewa, na mapigano yalipotulia nilikuwa miongoni mwa waliorudi kwanza. Nyumba yangu ilikuwa imesimama. Jikoni, kati ya mafiga yangu mwenyewe, palikuwa na majivu, na kabla sijainama pua yangu ilikuwa imeshaniambia. Mlangoni alikuwa amesimama kijana mwenye bunduki, wa umri wa wajukuu zangu, akaniuliza kama kuna mtu aliyelala humu. Sikujua ni nani aliyelala, wala ni wa upande gani, wala wa lugha gani. Nilijua tu kwamba alikuwa na njaa na kwamba amekimbia aliposikia tunakuja. Nilipiga magoti, goti moja kwa shida, nikaingiza mkono. Ndani palikuwa na joto, na kiazi. Nikautoa mkono taratibu, nikaupeleka nyuma, nikafuta kiganja kwenye kitenge.

"Iko baridi, mutoto wangu," nikamwambia.